Evarista na Mpini wa Breki

Kila siku baada ya shule, Evarista alipitia dukani kwa Mzee Mansukhlal, baba wa rafiki yake Janki, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Wasichana hao wawili walimwamkia Mzee Mansukhlal, wakafanya kazi za shule kwenye meza ya nyuma, kisha wakaruhusiwa kucheza mchezo wa treni kwenye kompyuta.

Mwaka huo wa 2002 maduka ya kompyuta yalikuwa yakifunguliwa kila kona. Lakini Mzee Mansukhlal alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho: kisanduku alicholetewa na mdogo wake kutoka ng'ambo. Kilikuwa na mipini miwili, mmoja wa mwendo na mwingine wa breki, na swichi ya duara ya kuchagua kwenda mbele au kurudi nyuma. Ukisukuma mpini wa mwendo, treni kwenye kioo cha kompyuta ilianza kwenda. Evarista alikipenda mno, maana babu yake, Mzee Vitalis, aliendesha treni za kweli kwa miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu.

Jumatano moja Janki alipanda ghorofani kula. Evarista, akiwa peke yake, alikaribia stesheni kwa kasi kubwa. Akavuta breki kwa nguvu zake zote. Ka! Mpini ukalegea. Evarista akauegemeza wima kama ulivyokuwa, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alimkuta Mihir, mdogo wake Janki mwenye miaka sita, akilia nyuma ya maboksi.

"Kavunja breki," Janki alieleza. "Baba kamkataza kugusa kompyuta."

"Sikuvunja!" Mihir alisema kwa kwikwi. "Nimeshika mpini tu, ukaanguka!"

Evarista alitaka kusema ukweli, lakini akageuka, akatoka. Alirudi nyumbani, akashindwa hata kumaliza chai. Babu yake alipomuuliza kulikoni, akamweleza yote.

"Kwa hiyo mtoto analia kwa kosa lako?"

"Ndiyo, Babu."

"Vaa viatu. Twende."

"Watanifukuza, Babu."

"Huenda. Twende hivyo hivyo."

Dukani, Evarista alisimama mbele ya Mzee Mansukhlal. "Shikamoo, mzee. Mpini niliuvunja mimi. Si Mihir."

Mzee Mansukhlal akamwita mwanawe, akamkalisha mapajani. "Mwanangu, nimekuonea. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe, Mihir," Evarista alisema huku machozi yakimtoka.

Mzee Vitalis aliomba bisibisi, akakifungua kile kisanduku. "Ni hiki kijiti cha plastiki kinachoshika mpini tu kimekatika," alisema. "Tutachonga cha shaba."

Jumamosi babu na mjukuu walikwenda kwa fundi mmoja wa vyuma, eneo la Gerezani. Fundi alikata kipande cha shaba, na Evarista akakisugua kwa tupa mwenyewe mpaka vidole vikamuuma. Waliporudi dukani, kilikaa sawasawa.

"Jaribu wewe, Mzee Vitalis," Mzee Mansukhlal alisema, akimvutia kiti.

Mzee Vitalis alishika mipini yote miwili. Treni ikaondoka. Stesheni ilipokuwa bado mbali, alianza kuvuta breki kidogo, akaachia, akavuta tena. Treni ikasimama taratibu kabisa. Watoto wakapiga makofi.

"Breki haivutwi kwa hasira," aliwaambia. Kisha akafuta macho. "Sikutegemea kushika tena breki ya treni. Asante sana, ndugu yangu."

"Mimi ndiye wa kushukuru," Mzee Mansukhlal alijibu. Akamgeukia Evarista. "Ungenyamaza, Mihir angeendelea kuadhibiwa bure, nami ningeendelea kumwonea mwanangu bila kujua. Umesema kweli ukijua unaweza kufukuzwa. Kosa likifichwa, linamuumiza asiyehusika. Likisemwa, tunapata nafasi ya kulitengeneza pamoja, kama tulivyofanya leo. Usiache kuja."

"Asante, mzee, kwa kunipokea," alisema Evarista.

Mihir alikuwa ameshapanda mapajani kwa Mzee Vitalis. "Babu," alisema, "nifundishe kusimamisha kama wewe."

Evarista na Janki wakasogeza viti vyao karibu, nao wajifunze.