Nyumba Ilipakwa Kabla ya Kaburi

Rangi ya sebuleni ilikauka kabla ya chai ya saa nne. Ya ukumbini nayo ikakauka. Ya chumba cha mama ikagoma. Asteria aliigusa Jumatatu, ikamng'ang'ania kidole; akaigusa Jumanne, vilevile; Jumatano ukuta ulikuwa wa baridi kama nyama ya buchani, na kidole kikatoka na harufu ambayo haikuwa ya rangi hata kidogo. Kilinuka ugoro.

Asteria hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Pale Same mjini ukimuulizia fundi rangi mwanamke, bodaboda yeyote atakushusha mlangoni kwake. Alikuwa amepanda kijijini kwao Vudee kumpakia mama yake nyumba rangi kabla ya Krismasi, maana Desemba ndugu wote hurudi milimani, na safari hii mdogo wake Anderson alikuwa anakuja na wakwe. Nani anataka wakwe waone nyufa? Aibu hiyo ndiyo iliyomponza. Stoo alikuta mifuko mitatu ya saruji iliyotengwa kujengea kaburi la baba yake, mzee Eliufoo, aliyezikwa mwezi wa tano nyuma ya migomba. Kaburi lenyewe lilikuwa bado tuta la udongo na msalaba wa mbao. Asteria akaichukua saruji, akaziba nyufa, akasawazisha kuta, akapiga msasa, akapaka.

"Huku kwetu mwenye nyumba hujengewa kwanza, ndipo nyumba ikapakwa," Asheri, mdogo wa marehemu, alimwambia siku ya kwanza, amesimama uani, hataki kuingia. "Yeye analala kwenye tope, ukuta wake unang'aa. Unamwambia nini, mwanangu?"

"Tutajenga Januari, baba mdogo. Simenti haikimbii."

Asheri aliondoka bila kunywa chai, na mzee yule kukataa chai si jambo dogo.

Tuseme ukweli, marehemu hasemwi vibaya, lakini Eliufoo, mvuta ugoro yule, hakuwa mtu wa kutanguliwa. Maji ya moto ya kwanza yalikuwa yake, kipande cha kwanza cha nyama chake, na hata kanisani alikuwa na benchi lake ambalo mgeni akilikalia, alitazamwa mpaka ahame. Mkewe Eliakunda aliishi naye miaka arobaini na minane kwa kumtanguliza katika kila kitu. Mwanamke mpole, mfupi, mwenye kucheka peke yake jikoni. Asteria alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na hakuona haya kulisema.

Alhamisi, saa sita mchana, jua likiwa limetoboa ukungu, Asteria alikuwa sebuleni anamalizia pembe za dirisha. Akasikia rola inapita ukutani. Swaa, ikapanda. Swaa, ikashuka. Ilitoka chumbani kwa mama. Alisikiliza kama fundi, akaona mkono ule unajua kazi, kisha akatazama chini akaiona rola yake, rola pekee iliyokuwamo katika nyumba ile, imelala ndani ya trei miguuni pake, na sauti ikazidi kwenda swaa, swaa, bila haraka, na ile harufu ya ugoro ikaja ukumbini ikiwa imechanganyika na nyingine, harufu ya udongo uliochimbwa ndani sana, udongo wa futi sita, mpaka akajikuta anatembea kuelekea mlango ule huku moyo wake wote unamwambia geuka, geuka, kimbia.

Akasukuma mlango. Sauti ikakatika.

Eliakunda alikuwa ameketi kitandani, ametazama ukuta. Mvi zake zilikuwa na matone ya rangi ya krimu.

"Mama, nani alikuwa humu?"

"Sema taratibu," mama akanong'ona. "Baba Asteria anapaka. Unajua hapendi kusemeshwa akiwa kazini."

"Mama. Baba alifariki."

"Si nilimzika mimi? Anasema kule kuna baridi. Anasema anatengeneza kwake kwanza, halafu kwangu, kisha nimfuate."

Asteria akamshika mikono. Ilikuwa baridi mpaka kwenye viganja, baridi ya ule ukuta. Akafunua blanketi. Katikati ya vidole vya miguu ya mama kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, na mama alikuwa hajashuka kitandani tangu alfajiri.

Mchana ule mama hakula. Asteria akambeba mgongoni mpaka kwa Asheri, na harufu ikawafuata njia nzima. Muuguzi wa zahanati alikuja, akapima presha, akasema ni uzee. Ijumaa asubuhi baridi ilikuwa imefika viwikoni, na mama alikuwa anaitikia "naam" kwa mtu ambaye hakuna mwingine aliyemsikia.

"Anamchukua," Asteria akasema, akalia kama mtoto. "Baba mdogo, anamchukua mama!"

"Twende tukamwone," Asheri akajibu.

Nyuma ya migomba ukungu ulikuwa bado mzito. Tuta la Eliufoo lilikuwa limepakwa rangi ya krimu. Udongo mtupu, tena wenye mabonge, umepakwa mikono miwili, rangi juu ya rangi, kingo zimenyooka, na hakuna jani lililodondokewa hata tone. Asteria aliijua kazi nzuri akiiona, na ile ilikuwa kazi nzuri, na hilo lilimtisha kuliko kitu kingine chochote. Pembeni, upande wa kushoto, kulikuwa na mstatili mwingine juu ya majani. Huo ulipakwa mkono wa kwanza tu. Ulikuwa mfupi.

Asheri akaupima kwa mpini wa jembe. "Kimo cha shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Akirudia mkono wa pili, basi."

Walijenga siku ileile. Saruji ikapandishwa na pikapu kutoka Same, vijana wa jirani wakachanganya zege, Mchungaji Tumainieli akaomba mpaka sauti ikamkauka. Wakamwaga zege, wakalisawazisha. Halikushika. Saa nane lilikuwa uji, saa kumi uji, na kila walipolilaza na mwiko lilijifinyanga lenyewe taratibu, mithili ya kifua cha mtu anayepumua. Mtoto wa Asheri, Priska, akaja mbio kutoka nyumbani: baridi imefika mabegani, na mama mkubwa ameacha kupepesa macho.

Hapo ndipo Asteria alipopiga magoti kwenye tope lile, na ni nani angemlaumu, mama ni mama, hata mimi na wewe tungetafuta neno lolote la kusema, lolote lile, ili yule mwanamke mfupi acheke tena jikoni kwake.

"Baba," akasema, "mama hakushika brashi. Saruji yako niliichukua mimi. Mimi ndiye niliyekutangulia. Nidai mimi, mama umwache."

Asheri alimrukia kumziba mdomo, akachelewa. "Usimpe kitu!" akafoka kwa kunong'ona. "Kaka yangu hajawahi kukataa alichopewa!"

Zege likatulia. Mbele ya macho yao likaanza kuwa jeupe, kutoka kingoni kuja katikati, likakaza kama limekaa wiki nzima. Na ule mstatili wa kushoto haukuwapo tena. Yalibaki majani.

Wakasikia kelele za furaha kutoka nyumbani kwa Asheri. Mama ameketi! Mama anaomba makande! Asteria alikimbia akiwa na tope mpaka magotini, akamkuta mama yake ana joto mwili mzima, anauliza kwa nini kila mtu anamtazama hivyo, na amebebwa na nani mpaka huku. Hakukumbuka chochote. Asteria alicheka, akalia, akacheka tena.

Jumapili baada ya ibada, yeye na Asheri walikwenda kuweka maua. Wakayaweka. Ndipo Asheri akavua kofia, akabaki ametazama upande wa kulia wa kaburi.

Mstatili ulikuwa pale, mkono wa kwanza, kingo zimenyooka. Ulikuwa mrefu. Katika ukoo mzima hakukuwa na mwanamke mrefu kama Asteria, na Asheri hakuhitaji mpini wa jembe kuupima.

"Mama asijue," Asteria akasema.

"Mwanangu..."

"Baba mdogo, naomba. Asijue."

Nyumbani, Eliakunda alikuwa amekwisha pakua. Alimkaribisha binti yake kwenye kigoda, akampa sahani, kisha akamshika mkono na kuukumbatia kwa viganja vyake viwili, akakunja uso.

"Mbona una baridi hivi, Asteria?"

"Ni maji, mama," Asteria akasema. "Nimenawa sasa hivi."