Vidonge Vyangu Vilimnenepesha Mdogo Wangu

Nina miaka thelathini na minane, mjane mwenye watoto watatu. Nilikimbia Kivu ya Kusini, sasa ninaishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Wasomaji wenzangu, aliyenitenda haya ndiye anayenipikia hadi leo...

Mwaka jana niligundulika na kansa ya titi, nikaanza kutundikiwa dripu ya dawa ya kansa katika hospitali moja mjini Mbarara. Daktari alinionya kwamba mwili unaweza kuikataa dawa ile ghafla. Ndiyo maana nilipewa kopo la vidonge vidogo vyeupe vya safari zote, nimeze jioni kabla ya safari na tena alfajiri.

Mdogo wangu Furaha ndiye aliyenitunza. Alichota maji, alipika, aliogesha watoto. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Rwekubo, mji wa jirani. Vidonge alivitunza yeye, akiniletea pamoja na uji.

Mara ya kwanza nilirudi salama. Mara ya pili... dripu ndiyo kwanza imeanza, nikasikia moto usoni. Viganja vikawasha. Nikanyamaza, maana muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi. Mara kifua kikabana, kama mtu amenikalia. Nilitaka kuita, sauti ikakataa! Sindano mkononi, chumba kimejaa watu, na mimi nazama peke yangu.

Mgonjwa wa kiti cha jirani ndiye aliyepiga kelele. Muuguzi akakimbia, akafunga dripu, akanichoma sindano nyingine, akaniwekea oksijeni.

Nilipopata pumzi akaniuliza, "Maama, dawa ya nyumbani ulimeza?"

Nikaapa kwamba nilimeza. Nikampa vilivyobaki, ambavyo Furaha alinifungia kwenye mkoba. Akavigeuzageuza kiganjani.

"Hii si dawa yetu. Nani alikupa?"

Ningesema nani, kama si ndugu yangu wa damu?

Nyumbani Furaha alipiga magoti kabla sijamaliza kuuliza. "Yaya, dada yangu, unisamehe. Bantu balisema ile dawa inaleta kilo. Kule kwa bwana banasema niko mifupa tu." Alikuwa akivimeza yeye kila siku ili anenepe, mimi ananipa vingine vya dukani vinavyofanana. Kumbe yale mashavu yake yaliyojaa, niliyoyasifu...

Nilitaka kumfukuza. Lakini nani angebaki na watoto nikiwa Mbarara? Upande huu wa mpaka sina ndugu mwingine. Nikamwambia yameisha. Hayajaisha. Kila jioni napokea uji wake, namtazama usoni kwanza, ndipo naunywa. Yeye naye uso umemvimba, na kliniki inamwachisha vile vidonge polepole, maana havikatizwi ghafla.

Matibabu yangu yalisimama kwa muda, uvimbe ukiwa palepale. Sasa nimerudi. Vidonge ninavitunza mwenyewe, na dripu inapita taratibu, muuguzi akiwa karibu.

Wenzangu, dawa yako usimwachie mtu, hata mliyenyonya naye ziwa moja. Ukiwashwa kidogo tu kwenye dripu, sema hapohapo, usione haya. Na ninyi mabinti mnaotafuta unene, muulize kwanza kidonge hicho ni cha nani. Huenda kuna mtu kitini Mbarara anakitegemea ili apumue.