Unga wa Mvumu

Mpaka leo sijajua ule unga wa mbao ulitoka wapi.

Harerimana aliniletea chenso mbili, misumeno ya injini, kwenye karakana yangu, Kasulu mjini. Za zamani, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Moja yake. Nyingine ya kaka yake Niyongabo, aliyefariki mwezi uliopita.

“Zilinganishe, fundi Shamsi. Katika hizo mbili nitolee moja nzima.”

“Matanga mmeshaondoa?”

Akacheka. “We Mwislamu, matanga yetu yanakuhusu nini?”

Kwao, vyuma vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaondolewe. Lakini mtu ana watoto wa kulisha. Sikumhukumu.

Nikavuta kamba za kuwashia, moja baada ya nyingine. Yake ilikuja laini mno, pistoni imelika. Ya marehemu ilibana vizuri. Nikamwaga mafuta yake, nikatoa plagi, nikafungua kava la cheni.

Unga. Mweupe, mbichi...

Nikaupiga brashi mpaka chuma kikaonekana, nikafunga mlango, nikaenda kuswali magharibi. Niliporudi, kufuli lilikuwa vilevile.

Kava limejaa tena.

Nikagusa. Vuguvugu. Harufu kama ya maziwa yaliyochacha. Na plagi, ambayo bila hiyo chenso haiwaki, ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamwita Harerimana. Akanusa, mzaha ukamtoka.

“Mvumu,” akanong’ona.

Ndio mti uliomuua kaka yake. Alikuwa ndio kwanza ameanza kuukata, tawi likamshukia. Bado umesimama kando ya nyumba anamolala mjane, Theodosia, na watoto watatu.

Kesho yake jioni tukafika kijijini Kagerankanda, na chenso ile ndani ya gunia. Theodosia alitupokea na tochi.

“Wiki nzima sasa,” akasema. “Giza likianza kuingia naisikia chenso ikikata. Nikitoka... kimya.”

Nikaingiza mkono kwenye mkato wa ule mvumu. Ulizama hadi begani. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika. Nikamulika chini.

Hapakuwa na unga. Hata chembe.

Juu yetu mti ukalia, kwaaa, taratibu. Upepo ukigeuka tu, lile paa limekwisha, na waliomo.

“Nitaumalizia mimi,” Harerimana akasema.

“Wewe umeshagusa yasiyoguswa,” Theodosia akamkatiza. “Inatosha.”

“Basi nani?”

“Mwenye kazi yake.”

“Shemeji, kaka amekufa.”

“Na anayekata ni nani?”



Basi ikaamuliwa hivyo: familia ikalale kwa Harerimana, chenso irudishwe kwa mwenyewe, pale chini ya mvumu. Nikafunga plagi, nikanoa meno kwa tupa, nikajaza mafuta. Harerimana akabeba magodoro. Theodosia akaichukua chenso mwenyewe, akaiweka shinani, akaitazama, kisha akaigeuza, mpini upande wa pili.

“Anatumia mkono wa kushoto,” akaniambia.

Tukaondoka, watoto mbele. Tulipofika kwenye shamba la mihogo, nyuma yetu kamba ya chenso ikavutwa.

Ikakataa.

Ikavutwa tena.

Ikawaka.

Harerimana akasimama, shingo ikianza kugeuka. Theodosia akamshika mkono.

“Twende, shemeji,” akanong’ona. “Hapendi kutazamwa akiwa kazini.”