Maji ya Shimo la Kambove

Haya yalimpata rafiki yangu Jaël, anayepima sampuli za wateja katika idara ya kemia ya chuo kikuu, hapa Likasi. Ndiye anayeendesha mashine ya NMR, sumaku kubwa inayotambua kilichomo ndani ya dawa, mafuta au maji.

Asubuhi moja alifika Mama Marceline kutoka Kambove, na chupa ya maji mkononi. Mwanawe Jeancy alikuwa amefukiwa shimoni akichimba shaba, na mwenye shimo akaamuru lijazwe udongo bila kumtoa. Sasa maji yalikuwa yakichuruzika pale, na ndiyo aliyoyaleta.

"Madame, miye nataka kujua kama mutoto yangu iko mu haya maji."

Jaël alishindwa kumkatalia. Alitia maji kidogo katika kijibomba cha kioo, akakiteremsha ndani ya sumaku, mashine ikaanza kunguruma. Punde umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Giza likawafunika na pampu zote za mashine zikanyamaza.

Ndipo sauti ikasikika kutoka ndani ya sumaku: ko, ko, ko. Ilikuwa ya chuma kikipiga jiwe, mbali sana.

"Ni yeye," mama alinong'ona. "Iko anachimba."

Akagonga meza. Sauti ikajibu haraka, kwa nguvu. Akagonga tena, ikajibu taratibu, kama ya mtu aliyechoka.

"Jeancy, usiache! Mama iko hapa!"

Akagonga kwa ngumi zote mbili. Safari hii chuma hakikulia. Walisikia mtu akivuta pumzi ndefu, kisha udongo mkavu ukimwagika.