Sindano Iliyoandikwa Haikumfikia

Ilianza kwa bomba la sindano kukauka. Hosiana, nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali ndogo njia ya Kagongwa, alivuta dawa, akageuka kuchukua pamba, kurudi akakuta bomba tupu. Wodi ikanuka tope, lile tope baridi wanalotoka nalo wachimbaji shimoni. Na ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka.

"Nesi," sauti ikasema taratibu kutoka kitanda cha sita, ambacho hakikuwa na mtu. "Dawa yangu haijanifikia."

Sauti aliijua. Ndiyo maana hakumwita mtu.

Wiki mbili nyuma walilazwa wagonjwa wawili wenye jina la Bujiku, jambo la kawaida Usukumani: mzee mwenye kisukari, na kijana mchimbaji aliyevunjika mguu, hajala tangu jana yake akisubiri upasuaji. Hosiana aliita "Bujiku!" bila kuuliza jina la baba, bila kutazama faili. Kijana akaitika, akatoa mkono. Insulini ya mzee ikamwingia yeye. Akalowa jasho, akalala, hakuamka.

Fomu ya makosa ya dawa ina visanduku vinne: kosa halikumfikia mgonjwa, lilimfikia bila kumdhuru, lilimdhuru, lilimuua. Kalamu ya Hosiana ilishuka mpaka cha mwisho, ikarudi juu, ikatia alama ya vema kwenye cha kwanza. Ndugu wakaambiwa moyo ulisimama. Nao, kwa kuwa kijana hafi kwa mguu, wakaanza kumnyooshea kidole cha uchawi mama yake mdogo, Scolastika, kikongwe mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Habari hizo Hosiana alizisikia. Akanyamaza, jamani, na sare yake nyeupe.

Basi kila siku saa sita mchana harufu ikatangulia, kisha matone ya tope kutoka mlangoni hadi miguuni pake, kisha pumzi baridi shingoni na sauti ile ile ya adabu ikidai, huku wagonjwa walio hai wakikosa dozi zao na kunong'ona kwamba hapa pana jini, na yeye mwenye trei akishindwa kuwatazama usoni.

Alipomwendea mganga, Mama Anisia, na kumweleza yote, akaambiwa, "Nimfukuze vipi? Umeandika dawa hakuipata. Ameifuata. Kafute."

Akafuta, mbele ya muuguzi mkuu, akatia vema kwenye kisanduku cha nne. Harufu ikatoka wodini saa hiyo hiyo, haikurudi. Kesho yake akapanda bodaboda hadi Kishapu kwa baba wa marehemu, Mzee Makoye, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akasema yote.

"Kwa hiyo Scolastika hakumloga."

"Hakumloga, baba. Ni mimi."

Mzee akatazama viganja vyake.

"Walimkata mapanga," akasema. "Tumemzika Jumanne."

Jumanne Hosiana alikuwa zamu, na ukweli wote alikuwa nao.