Rabson Kwenye Benchi la Wajawazito

Walikutana Mlowo, nje ya stoo ya mahindi, msimu umepamba moto na fuso tatu zimeziba njia. Tabita Nzowa alikuwa nyuma ya bodaboda, amevaa gauni la kitenge cha njano alilolishonesha kwa ajili ya harusi ya rafiki yake. Kuli mmoja akampita na gunia la pumba lililotoboka, na pumba zote zikamwishia Tabita mabegani.

“We kaka, huoni?”

“Naona, dada. Ndiyo maana nimesimama.”

“Umesimama baada ya kunichafua!”

“Basi nipe namba yako, nikutafutie dobi.”

Dobi hakuonekana, ila simu zilianza jioni ile ile. Kuli aliitwa Rabson Simkonda, mrefu, mcheshi, mwenye shingo ya mtu aliyezoea magunia. Miezi minane baadaye barua ya posa ilikuwa imeandikwa, na mshenga, Mzee Ezron, alipangiwa kuipeleka kwa baba yake Tabita siku ya Jumamosi.

Tatizo lilikuwa uvimbe kwenye kinena cha Rabson. Akinyanyua gunia unatoka, akilala unarudi. Alipowagusia makuli wenzake, walicheka mpaka wakakaa chini. “Huo mtoki, mwanangu! Sema ulitembea na nani.” Hivyo ndivyo wanaume wanavyotibiana pale stoo. Rabson akaamini kwamba Tabita naye angewaza hivyo hivyo, kwamba ni ugonjwa wa wanawake wa barabarani.

Daktari wa zahanati alimwandikia karatasi akapige ultrasaundi ya kinena huko Tunduma. Rabson akamwambia Tabita anakwenda Galula kumsalimia baba yake mdogo. Mwanamume mzima, siku tatu kabla ya posa, anamdanganya mchumba wake kwa sababu ya aibu! Ananiudhi mpaka leo.

Jumatano asubuhi, kwenye kituo kimoja cha vipimo mjini Tunduma, benchi la ultrasaundi lilikuwa na wajawazito tisa na Rabson. Alijibanza pembeni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Simu ikaita.

“Mpenzi, umefika Galula?”

“Nimefika, mama. Baba mdogo anakusalimia sana.”

“Mwambie nimepokea. Mbona kelele hivyo?”

Muuguzi alikuwa amesimama katikati ya korido. “Wajawazito ambao mkojo haujawabana, endeleeni kunywa maji!”

“Rabson, huyo nani?”

“Redio.”

Akakata simu, jasho likimtoka. Mama aliyekaa karibu yake alipoitwa ndani alimkabidhi mkoba wake mwekundu na kanga. “Kaka, nishikie, nakuja.” Angekataaje? Akaupakata.

Wakati huo huo Atupele, binamu yake Tabita, alitoka chumba cha kliniki na mimba yake ya miezi saba. Alimwona shemeji yake mtarajiwa kwenye benchi la wajawazito, na mkoba wa mwanamke mapajani. Hakumsalimia wala kumuuliza. Alimpiga picha akamtumia Tabita, Mlowo.

Kisha umeme ukakatika. Waliokuwa bado hawajapimwa wakaambiwa warudi kesho. Rabson alikuwa hajafika hata stendi Tabita alipopiga.

“Kumbe Galula siku hizi kuna wajawazito wengi?”

“Tabi, nisikilize…”

“Mimba ina miezi mingapi?”

“Siyo yangu!”

“Kwa hiyo ipo!”

“Jamani! Mkoba nilikuwa nashikilia tu.”

“Endelea kushikilia. Baba nimeshamwambia barua yako isipokelewe.”

Alipiga mara kumi na moja, Tabita hakupokea. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache: nina uvimbe kwenye kinena, nimekuja kupima. Aliyaandika kwenye meseji, akayasoma, akayafuta. Ungeweza kumpiga kofi.

Alhamisi Tabita alipanda Coaster ya kwanza. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe, raba zimefungwa kamba vizuri, hereni ameziacha nyumbani. Atupele alishamwambia kwamba waliokosa kupimwa wangerudi leo, naye alikuja kumwona huyo mwanamke kwa macho yake. Alipoingia kwenye korido Rabson akainuka nusu, akakaa tena.

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Mama mtoto wako.”

Wanawake wote benchini wakaacha kunywa maji. Rabson akafungua mdomo, na hapo hapo mlango ukafunguliwa. Mhudumu akapaza sauti kama anaita abiria wa Mbeya.

“Rabson Simkonda! Yule wa kinena!”

Korido yote ikageuka kumtazama.

“Kinena cha nani?” Tabita akauliza.

“Changu,” Rabson akasema, macho sakafuni. “Nina uvimbe, Tabi. Ukitaka kujua, ingia.”

Ndani, Dokta Violet alimwambia alale chali na ashushe suruali kidogo tu, akamfunika shuka. Jeli ilikuwa ya baridi, Rabson akashtuka. Kifaa kikateleza kwenye kinena, kikabonyeza upande huu, kikahamia wa pili ili kulinganisha.

“Inauma?”

“Hapana, dokta.” Iliyomuuma ilikuwa aibu.

“Sasa bana pumzi, sukuma kama unanyanyua gunia. Vizuri. Kohoa. Tena.”

Akasimamishwa, akakohoa tena akiwa wima. Ilichukua kama robo saa. Tabita alitazama skrini, haoni kitu zaidi ya ukungu unaotikisika.

“Hii ni ngiri,” daktari akasema. “Akikohoa, utumbo kidogo unachomoza hapa, halafu unarudi. Siyo mtoki, wala siyo ugonjwa wa zinaa. Majibu mpelekee daktari aliyekuandikia, atakupangia upasuaji. Magunia acha kuanzia leo. Na uvimbe ukigoma kurudi, ukauma sana au ukaanza kutapika, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.”

“Na watoto, dokta?” Rabson aliuliza akiutazama ukuta.

“Hapa sijaona cha kukuzuia.”

Nje, malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamesimama foleni, vumbi na moshi kila mahali. Tabita alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

“Ungesema mapema ningekuonea huruma. Sasa nina hasira! Tangu jana namtukana moyoni mwanamke ambaye hayupo.”

“Nisamehe.”

“Sitaki hiyo ‘nisamehe’ yako. Mshenga kazi yake kusifia. Mabaya yako niambie wewe mwenyewe, hapa hapa.”

Rabson akavua kofia. “Naogopa kupasuliwa. Nikiacha magunia, kazi nyingine siijui. Niliogopa utaniona mchafu.”

“Na?”

“Na Galula sina baba mdogo.”

Tabita akageuka upande, akang’ata mdomo ili asicheke, maana kucheka kungeharibu kila kitu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akatoa simu.

“Shikamoo baba. Ile barua ya Jumamosi, ipokelewe.”

“Marahaba. Si jana ulilia hapa, ukasema huyo kijana asikanyage kwangu?”

“Nililia, baba.”

“Na leo hasira zimeisha?”

Alimtazama Rabson, kofia mkononi, jeli imelowesha suruali, anasubiri hukumu.

“Hazijaisha,” akasema. “Ipokelewe hivyo hivyo.”