Aliyecheka Kabla ya Mbuzi

Fundi baiskeli alicheka. Kosa lake ni kwamba alicheka mapema.

Mfamasia, binti ambaye fundi alikuwa amemposa, alikuwa akilisomea kundi la wasomaji kwa sauti, katika chumba cha nyuma cha duka la shangazi yake. Alikuwa amefika pale kwenye riwaya ambapo mchumba wa mjane mmoja anashika mlango wa kabati. Akaacha kusoma, akamgeukia fundi.

"Unacheka nini?"

"Si huyo mbuzi."

"Mbuzi gani?"

Watu wakafunua ukurasa unaofuata. Mbuzi alikuwa huko, ndani ya kabati, anasubiri zamu yake.

"Umesoma mbele bila mimi," binti akasema taratibu.

Shangazi, mwenyekiti wa kundi, akavua miwani. Kila mtu alikuwa na nakala yake, na sharti lilikuwa moja tu: hakuna kupita pale walipoishia pamoja.

"Mwanangu, umefika wapi?"

"Mbele kidogo, shangazi."

"Kidogo ndiyo wapi?"

"Mwisho."

Mshona mapazia, mmoja wa wasomaji, akashika kifua. Mfamasia akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Kitabu hicho ni yeye aliyelipendekezea kundi. Na siku fundi alipomposa, alimjibu: "Tukikimaliza, nitakupa jibu."

Jumatatu fundi akatuma ujumbe: "Naomba unisikilize."

Jibu likaja: "Nipo kazini. Kama unaumwa, njoo na cheti cha daktari."

Akafunga karakana, akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa, mikono bado ina grisi.

"Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuungama."

"Hiyo hatuna. Anayefuata."

Akarudi nyuma ya foleni. Akafika tena dirishani, akafukuzwa tena, akarudi tena nyuma, uso mkavu kama mtu anayefuatilia pasipoti. Mwishowe binti akaweka kalamu chini.

"Ulishindwa nini kunisubiri? Raha yangu yote ilikuwa kukuona ukishtuka. Jicho moja liko kwenye ukurasa, la pili liko kwako."

"Ulisema jibu litakuja mwisho, na kitabu umekichagua wewe. Nikajua jibu langu limo humo. Nikaogopa."

"Ukaona nini?"

Fundi akakaza midomo.

"Ni vibaya?"

"Sisemi. Kuna sharti."

"Sasa ndiyo umelikumbuka?" Binti akajikuta anatabasamu. "Mimi mwenyewe sijafika huko. Nilikichagua kwa sababu ni kinene. Nilitaka Jumamosi nyingi na wewe."

Mzee aliyekuwa nyuma ya fundi akakohoa, kikohozi cha kweli.

"Binti, mkubali au mkatae. Mimi nataka dawa yangu."

"Nimemkubali, babu. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Fundi akashika ukingo wa dirisha.

"Hata kabla ya mwisho?"

"Mjane aamue ya kwake. Mimi nimeamua yangu. Sogea, babu apite."

Walioana kitabu kikiwa bado kiko katikati, maana shangazi alikataa katakata watu kuharakishwa kusoma. Jumamosi ya ukurasa wa mwisho aliyesoma ni bibi harusi. Mjane akamkataa mchumba wake mchana kweupe, akafunga mlango na komeo. Mshona mapazia akalia waziwazi.

Mfamasia akafunga kitabu, akamgeukia mumewe.

"Kumbe ulipanga foleni yote ile ukiwa unajua hivi?"

"Nilikuwa najua."

"Pole, mume wangu," akasema, akamvutia kiti karibu.